Bi Kanga na Mbwa Wasiovumiliana

Zamani mbwa walipokuwa wakienda shule, ndege Bi Kanga alifungua darasa la wale wasioweza kumwona mbwa mwenzao bila kumrukia. Kila mmoja alikaa nyuma ya kiambaza chake cha makuti. Siku ya mtihani viambaza viliondolewa, wapishane kimya. Atakayeshindwa arudishwe mnyororoni.

Mbwa aitwaye Chakupewa akatoka huku, mwenzake Sijali akatoka kule. Masikio yakasimama.

"Kimya!" Bi Kanga akapaza sauti. "Wiki sita nawaambia kimya, kimya, kimya! Mna masikio ya nini?"

Mbwa wakabweka, wakabweka, naye Bi Kanga akazidi kupiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Akaketi vumbini, hoi.

Ndipo wale wawili wakanyamaza. Wakanusana, wakapishana, kila mmoja akashika njia yake.

"Kumbe mnaweza?" akanong'ona. "Mlikuwa mnanitesa kwa nini?"

"Samahani, mwalimu," Sijali akasema. "Tulikusikia unabweka, tukajua umeona adui. Tungekuachaje peke yako?"

Tangu siku ile Bi Kanga hufundisha na punje ya mtama mdomoni, wala haimezi mpaka darasa liishe.