Simu ya Jumatatu

Kila Alhamisi, watu waliokuwa wakijaribu kuacha sigara walikutana kwenye zahanati ya mji. Nesi aliwapanga wawiliwawili na kuwaagiza: ukishikwa na hamu, mpigie mwenzako. Kitwana, fundi cherehani, alipangiwa Nyamvula, muuza maandazi. Kwa wiki tano Kitwana ndiye aliyepiga, na Nyamvula hakukosa kupokea hata mara moja, mikono ikiwa bado na unga.

Jumatatu moja Nyamvula akapiga yeye. Kitwana aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Alikuwa na sigara mdomoni.

Alhamisi Nyamvula hakuja zahanati. Kitwana akamfuata nyumbani, akamkuta ameketi kizingitini, anavuta.

"Nilikupigia," alisema Nyamvula bila kumtazama. "Siku ile ndiyo tuliyomzika mama."

"Pole sana, dada. Simu niliiona."

"Uliiona?"

Angeweza kusingizia wateja. "Nilikuwa navuta. Niliona haya, nikajua ukinisikia tu utatambua."

"Ungepokea hivyo hivyo," alisema Nyamvula. "Mimi sikutaka mtu aliyeacha. Nilitaka mtu."

Moshi ulimpita Kitwana puani na hamu ikampanda. Nyamvula akasogea kidogo, Kitwana akaketi kando yake. Sigara ikaendelea kuungua mkononi mwa Nyamvula, majivu yakirefuka, na hakuna aliyeipeleka mdomoni wala aliyeizima.