Pistoni ya Kufunguka

Injini ilikuwa ingali vuguvugu baada ya majaribio, kifuniko cha silinda kimeshatolewa, Mama Spana alipoiinamia. Ikiwa kichwa cha pistoni aliyoibuni kimegandishwa na joto kisifunguke, basi kazi yake ya mwaka mzima ni chuma chakavu.

"Pistoni ya kufunguliwa bila kushusha injini!" alicheka kaka wa mumewe, dereva wa lori. "Shemeji, hiyo ni pistoni au sufuria na mfuniko?"

"Cheka tu, meno hayalipiwi kodi."

Akaibana spana kwenye kichwa cha pistoni, akaivuta kukifungua. Hakikusogea. Akailalia kwa mwili mzima, jasho likidondokea masizi. Mara kichwa kikalegea, kikazunguka taratibu, kikamjia kiganjani. Mwili wa pistoni ulibaki umetulia ndani ya silinda.

Shemeji alikipokea kwa mikono miwili, akakipangusa kwa shati lake jeupe.

"Shemeji," alisema polepole, "ya lori langu utaichonga lini?"