Kweme za Mzazi

Nakijwa alichukua kweme moja kutoka kwenye gunia la mbegu hizo za mafuta pale sokoni, akaitikisa sikioni. Kiini kikacheza ndani ya ganda.

"Hii imenyauka," alisema, akaitupa pembeni.

Zile nzito zilizokaa kimya aliziweka kwenye kanga. Kila alipotilia shaka, alipasua ganda, akatafuna kipande na kusubiri kama uchungu utapanda kooni. Mafuta yaliyochacha hayajifichi.

"Mama Joha, utanimalizia gunia!" alilalamika Mzee Kibacha, muuzaji. "Kwani unampikia nani?"

"Mzazi. Maziwa hayatoki, na kweme huyaleta."

Mzee akashusha sauti. Mji mzima ulijua kwamba Joha, aliyeolewa bila radhi ya mama yake, alikuwa amejifungua juzi.

"Si uliapa hapa hapa sokoni kwamba hutakanyaga kizingiti chake?"

"Niliapa. Na mtoto hanyonyi kiapo."

Akafunga kanga mafundo mawili, akaondoka.

Kwa Joha mlango ulikuwa umefungwa. Ndani kichanga kililia kilio cha njaa. Nakijwa hakubisha hodi. Aliketi chini, nje kidogo ya kizingiti, akaokota jiwe, akaanza kupasua kweme mojamoja. Ko! Ko! Jirani mmoja alichungulia dirishani, kisha wa pili. Hakuwatazama. Hata angeachwa hapo mpaka kesho, angepasua.

Kweme ya saba ilipopasuka, mlango ulifunguka nusu. Mikono miwili ya Joha ikatokeza, ikasukuma kinu taratibu, ikakiacha juu ya kizingiti.