Jiko Linalongoja Kidonge

Alichokiona Zuwena kwanza ni paka. Alikuwa akinywa maji, akienda kukojoa mlangoni, kisha akirudi tena kwenye maji.

Na jiko lilikuwa limewaka. Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa moyo, jiko haliwaki mpaka kidonge chake, kile cha kumkojoza apunguze maji mwilini, kifike tumboni na kulipelekea jiko taarifa. Lakini kidonge hakijui tumbo ni la nani.

"Baba, dawa umempa paka?"

"Kwani jiko halijawaka?" Mzee Kombo alikuwa akivaa kanzu, miguu imevimba hata viatu haviingii. "Leo namwozesha binti wa marehemu ndugu yangu. Niinuke mkekani mara ngapi kwenda chooni, watu wananitazama?"

"Na pumzi ikikukatikia hapohapo mkekani?"

"Afadhali hiyo kuliko aibu. Pika chai, mama."

Zuwena aliutazama moto. Asubuhi zote alizombembeleza, hata mzee alipokataa dawa wakashinda na njaa, Zuwena hakuwahi kumjibu kwa ukali. Leo maneno yalimtoka.

"Siku ukifa, Baba, jiko hili litawaka bila kumngoja mtu. Kuna asubuhi huwa naitamani siku hiyo."