Kisu cha Bwana Afya

Waraka wa Saba Kuhusu Unadhifu wa Kucha za Wanyama Wachimbaji ulimleta Kima, Bwana Afya aliyependa kanuni kuliko ndizi, akate kila ukucha kwa kisu cha serikali.

Alianza na Nyegere, ambaye ukucha wake ulikuwa wa manjano, umevimba pembeni na kutoa usaha. Kima akaukata, akafuta kisu kwenye kaptura, akaita, "Anayefuata!"

Alikuwa Fuko, kipofu mwenye tahadhari, aliyeishi kwa kula minyoo aliyoichimba ardhini.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Lete mkono."

"Kucha zangu nzima, mzee. Nikitoka matopeni nazikausha. Ila hicho kisu kinanuka. Kichemshwe kwanza."

"Waraka unasema kukata. Hiyo ya kuchemsha umeisoma wapi, nawe huoni?"

"Basi niruke mimi. Nisipochimba, sili."

"Una kibali cha kurukwa?" Kima akakata mpaka kwenye nyama.

Baada ya wiki mbili vidole vya Fuko vilijaa usaha, akashindwa kuchimba. Kima akaandika kwamba Fuko alificha ugonjwa, kwa hiyo ukaguzi uongezwe.

Fuko hakuwa na ugonjwa wowote mpaka alipokaguliwa. Alikufa kwa njaa, shimoni mwake.