Babu wa Ukutani

Mthamini alilitemea mate donge la pamba, akaanza kumfuta babu uso.

Mwenye nyumba alipiga hatua kuelekea picha ya ukutani. Kila asubuhi, tangu enzi za marehemu baba yake, watu wa nyumba hii walisimama mbele ya picha ile na kuiamkia shikamoo: joho la dhahabu, upanga kiunoni, mtukufu wa zama za wafalme. Leo kikongwe mwenye kucha nyeusi anampaka mate.

"Kwani maji hayapo?"

"Mate ndiyo dawa ya uchafu wa zamani, bwana. Muulize fundi yeyote wa picha."

Mwenye nyumba alimeza kinyaa chake. Huyu ndiye mthamini pekee mjini, na hati yake ndiyo ingemziba binti yake mdomo. Binti alikuwa amesimama mlangoni, macho yamemvimba kwa kulia. Alikuwa amempenda fundi bomba, kijana mwenye baka jeusi la kuzaliwa chini ya jicho, ambaye baba yake na babu yake walikula jasho lao kwa kutapisha vyoo vya watu kwa ndoo. Juzi kijana alikuja kujitambulisha. Alipotoka tu, mwenye nyumba alikishika kikombe alichonywea kijana kwa ncha za vidole, akakitupa jalalani, kisha akanawa mikono mara tatu.

"Andika kwamba huyu ni babu yetu," alisema. "Huyu mtoto aione damu yake ilikotoka, halafu aifikirie hiyo anayotaka kuichanganya nayo. Mwacha asili ni mtumwa. Unaiona pua hiyo? Ndiyo hii yangu."

Mthamini hakuitazama pua. Kioo chake cha kukuzia hakukitoa hata mfukoni. Alikuwa akifuta mahali pamoja tu, juu ya shavu la kushoto, na pamba ilizidi kuwa nyeusi.

"Haya, ina miaka mingapi? Mia mbili?"

"Hamsini na minane. Wewe ulikuwa unatambaa."

"Mzee, una wazimu."

"Baba yako alipata vijisenti, akaniambia nimchoree babu wa kujivunia. Joho ni pazia la mama yako. Upanga niliubuni." Aliitupa pamba, akachukua nyingine, akaitemea mate. "Lakini uso sijawahi kuweza kuubuni, lazima mtu akae kitini nimtazame. Na siku ile uani kwenu tulikuwa watatu tu: mimi, baba yako, na aliyekuja kutapisha choo."

Akafuta mara ya mwisho, akasogea pembeni. Chini ya jicho la babu palikuwa na baka jeusi.

Binti alitoka mlangoni, akalitazama kwa karibu. Kisha akapiga goti, kwa mara ya kwanza bila kuamrishwa.

"Shikamoo, babu."