Wageni Wangu Hawajashuka

Kazi ya kuongoza watalii ni tamu, jamani, asikudanganye mtu. Siku hizi watalii hawasafiri. Wanapandishwa kichwani mwako wakiwa kwao, waone kwa macho yako, waonje pilau kwa ulimi wako. Na kwa umbea wanaopiga humo ndani, upweke utausikia kwa jirani.

Jana nilikuwa nao sokoni Ngamiani nilipoitwa nyumbani. Mama alikuwa mahututi, na safari ikishaanza haizimwi mpaka jioni.

"Salha mwanangu, wageni wako wameshashuka?"

"Wameshashuka, mama."

"Basi sogea. Nikwambie baba yako ni nani, ujue wewe tu."

Nikainama. Kichwani, mgeni mmoja akawakemea wenzake: "Hebu nyamazeni, tusikie!"